Risasi hii haipigwi, inagongwa: protoni inapokutana na kiini cha atomu

Neno lililoharibu mambo ni "risasi". Ujumbe wa sauti ulizunguka kwenye kikundi chetu cha WhatsApp hapa Kisenyi, Kampala, mtu akieleza kwa Kiswahili kizuri tu kwamba wanasayansi wa Ulaya "wanagongesha protoni na risasi, mambo ya nyuklia hayo". Kufika jioni ujumbe ulikuwa umeshaota mabawa. Muuza chapati wa pale kona akaniuliza kama ni silaha mpya. Jirani mwingine akauunganisha na mtambo wa umeme wa nyuklia ambao serikali inapanga kuujenga Buyende. Wa tatu akafukua video ya mwaka 2022, ile iliyodai kwamba tarehe 5 Julai wangefungua mlango wa kuzimu. Mimi nilifundisha fizikia sekondari miaka mingi, basi nikaitwa kama anavyoitwa fundi bomba likipasuka.

Aliyetuma ujumbe hakukosea hata kidogo. Kiswahili kina risasi mbili: ile ya bunduki, na ile ambayo ni madini laini, mazito, ya kijivu, yaliyomo ndani ya betri ya gari. Katika jaribio hili inayohusika ni ya pili. Tena imekaa upande usioutarajia, kwa kuwa kinachotumika kupiga ni protoni, na risasi ndiyo inayopigwa. Ukishaliweka hilo sawa, nusu ya hofu imeondoka.

Tumalizie msamiati. Kila kitu unachokishika kimejengwa kwa atomu, na katikati ya kila atomu kuna kiini. Atomu ya risasi ingekuwa na ukubwa wa uwanja wa Namboole, kiini chake kingekuwa kama punje ya harage katikati ya uwanja. Ndani ya punje hiyo wamebanana wakazi wa aina mbili: protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Kiini cha risasi ya kawaida kina protoni 82 na nyutroni 126, jumla wakazi 208. Kiini cha haidrojeni kina mkazi mmoja tu, protoni. Neno "nyuklia" halina maana nyingine zaidi ya "kinachohusu kiini". Bomu linahusu kiini, lakini mashine ya hospitali inayopiga picha za viungo kwa dawa yenye mionzi nayo inahusu kiini, na jua linalotuchoma saa saba mchana ni kiwanda cha viini. Kwa hiyo mtu akikuambia "nyuklia", muulize ni nyuklia ipi.

Jaribio lenyewe unaweza kulisema kwa pumzi moja: chukua protoni, ikimbize karibu na kasi ya mwanga, igongeshe na kiini kizima, kisha hesabu kilichotoka. Mahali panapojulikana zaidi kwa kazi hii ni CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako kuna handaki la duara lenye urefu wa kilomita 27, takriban mita 100 chini ya ardhi. Protoni huzunguka humo zaidi ya mara 11,000 kila sekunde. Protoni na risasi ziligonganishwa humo kwa majaribio mafupi Septemba 2012, kisha kwa kazi kamili mwanzoni mwa 2013. Nishati ilikuwa elektronivolti (kipimo kidogo mno cha nishati) trilioni 5.02 kwa kila jozi ya wakazi wanaokutana.

Trilioni tano inatisha masikioni. Elektronivolti trilioni moja ni sawa na nishati ya mwendo wa mbu mmoja anayeruka. Nilipolisema hili kikundini, mtu alicheka: makelele yote haya kwa ajili ya mbu? Ndiyo, ila nishati ya mbu huyo imebebwa na kitu kidogo kuliko atomu mara maelfu kwa maelfu. Ukubwa wa nishati siyo habari hapa. Habari ni kwamba imekusanywa mahali padogo mno.

Maembe ambayo hayakuwepo mtini

Sasa tufike kwenye kosa ambalo hata magazeti makubwa hulifanya. Huandika kwamba wanasayansi "wanapasua" protoni ili waone vilivyomo ndani, kama mtoto anayevunja redio. Picha inayokuja kichwani ni ya mwembe na jiwe: unarusha, maembe yanadondoka, unahesabu. Waswahili wana methali kwamba mti wenye matunda ndio unaopigwa mawe, na kiini cha risasi kina matunda 208. Lakini hapa maembe mengi yanayodondoka hayakuwepo mtini. Hayakuwa ndani ya jiwe pia. Yamezaliwa wakati ule ule wa kugongana.

Nishati inaweza kugeuka kuwa maada. Hiyo ndiyo maana ya ule mlinganyo wa Einstein unaochapishwa kwenye fulana. Ifikirie nishati ya mgongano kama hela mfukoni uingiapo soko la Owino. Kila chembe ina bei yake. Pioni ni elektronivolti milioni 140. Kaoni ni milioni 494. Protoni mpya ni milioni 938. Kwa kuwa pioni ndiyo rahisi, ndiyo inayonunuliwa kwa wingi: katika chembe zenye chaji zinazotoka kwenye mgongano wa aina hii, zaidi ya nane kati ya kumi ni pioni. Kaoni ni chache na protoni chache zaidi.

Soko hili lina masharti. Kaoni hainunuliwi peke yake. Inabeba sifa ambayo wanafizikia waliiita "ugeni", na ugeni ukizaliwa lazima kinyume chake kizaliwe pamoja nao ili hesabu ya jumla ibaki sifuri. Vivyo hivyo protoni mpya haiji bila mwenzake wa maada kinyume (pacha mwenye chaji iliyogeuzwa), au wa jamii hiyo, hivyo bei halisi ni karibu maradufu. Anayejua Owino anajua kwamba muuza viatu vya mitumba hutundika kiatu kimoja tu nje, kingine amekificha chini ya meza wezi wasimsumbue. Ukiona kimoja kinaning'inia, unajua mwenzake yupo mahali. Wanaochambua migongano hufikiri hivyo hivyo kila siku.

Ndiyo sababu mgongano huu hauna uhusiano wowote na bomu wala na mtambo wa Buyende. Kwenye mtambo wa nyuklia, kiini cha urani kinapopasuka hutoa nishati kuliko iliyotumika kukigusa, na hutoa nyutroni zinazokwenda kupasua viini vingine, mnyororo ukaendelea. Kwenye handaki la CERN hakuna mnyororo. Unaweka nishati, inageuka chembe, chembe zinatawanyika, basi. Kiuchumi ni biashara ya hasara tupu: bili ya umeme ni kubwa na hakuna hata balbu moja inayowaka kwa malipo yake.

Kwa nini wasikokotoe tu?

Swali hili aliniuliza kijana wa steji ya bodaboda, na ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Kama sayansi ni hodari hivyo, kwa nini isikae mezani na kalamu ikatuambia chembe ngapi zitatoka?

Sheria za nguvu inayowashika wakazi wa kiini pamoja zinajulikana tangu 1973, na waliozifumbua walipewa Nobel mwaka 2004. Lakini kujua sheria si kujua matokeo. Kitabu cha sheria za mpira kipo, kila refa anacho, na bado hakuna anayeweza kukikalia usiku kucha akakokotoa Vipers na KCCA watatoka ngapi kwa ngapi. Migongano ile adimu, mikali, ambayo kitu kinarushwa pembeni kwa nguvu nyingi, inakokotoleka vizuri. Migongano ya kawaida, ile inayozaa sehemu kubwa ya pioni, haikokotoleki kwa sheria peke yake. Kwa hiyo lazima uende uwanjani uhesabu magoli. Ramani za kompyuta zinazotumika duniani kote kukisia uzalishaji wa chembe zote zimerekebishwa kwa kutazama vipimo. Vipimo vikikosekana mahali, ramani hubuni.

Na kiini kizima kina jambo lake. Wazia bodaboda mwendawazimu anayekatiza Paaki ya Zamani saa kumi na mbili jioni, katikati ya watu na taksi. Kwanza, hatagusa kila mtu. Atawagusa walio kwenye njia yake tu. Katika mgongano wa protoni na risasi kwenye handaki lile, kati ya wakazi 208 wanaoguswa kwa wastani ni kama saba. Ukimhesabu na mgongaji mwenyewe wanakuwa karibu wanane. Hesabu ya nani ameguswa hufuata njia aliyoiweka Roy Glauber, Mmarekani aliyekuja kupata Nobel kwa kazi nyingine kabisa, ya mwanga.

Pili, na hapa ndipo nilipopenda mada hii nikiwa bado mwanafunzi: je, walioguswa wanagusa wengine? Ukifikiri haraka utasema ndiyo. Bodaboda anamkumba mtu, mtu anamkumba muuza maji, muuza maji anamwangukia kondakta, na baada ya muda paaki nzima iko chini. Miaka ya 1970 wengi walitarajia hivyo: protoni ingezaa pioni kwenye mkazi wa kwanza, pioni hizo zingegonga wakazi wengine na kuzaa nyingine, na kutoka upande wa pili wa kiini kizito kungemwagika mafuriko. Wit Busza na wenzake walipokwenda kupima Fermilab, Marekani, mafuriko hayakuwepo. Chembe ziliongezeka, ndiyo, lakini polepole, kwa kufuata idadi ya walioguswa.

Maelezo yake ni kwamba chembe haizaliwi ikiwa kamili. Inahitaji muda wa kujiunda, na kwa kuwa inakwenda karibu na kasi ya mwanga, muda huo unarefuka. Kufika wakati pioni imekuwa pioni ya kweli, yenye uwezo wa kumgonga mtu, imeshatoka nje ya kiini. Bodaboda ameshatokea upande wa pili wa paaki ndipo aliowagusa wanaanza kupiga kelele. Kwa maneno mengine, kiini kimetumika kama saa, saa inayopima muda mfupi ambao hakuna saa ya binadamu ingeweza kuupima. Mwaka 1976 wanafizikia watatu wa Poland, Białas, Bleszyński na Czyż, waliiandika fikra hiyo kwa kanuni nyepesi: hesabu waliojeruhiwa, kila mmoja atoe mchango wake.

Kanuni hiyo imezeeka vizuri ajabu. Kipimo cha ALICE, kikundi kimojawapo cha majaribio pale CERN, kwa migongano ya protoni na risasi ya elektronivolti trilioni 5.02 kilipata takriban chembe 17 zenye chaji kwa kila kipande kimoja cha pembe katikati ya kigunduzi. Pembe hizo hukatwa kwa kipimo maalumu ambacho sitakuchosha nacho. Gawa kwa wanane walioguswa: kila mmoja ametoa mbili na ushee. Mgongano wa protoni mbili tupu, ukigawa kwa wawili, unatoa zaidi kidogo. Hakuna mafuriko, hata kwenye nishati kubwa kuliko ya Busza mara nyingi mno.

Senene hawahesabiki pipani

Mpaka hapa nimesema "walihesabu" kana kwamba ni kuhesabu nyanya mezani. Kuhesabu ndiko kazi yenyewe ilipo, na ndiko miaka ya watu inakoishia.

Kigunduzi kikuu cha ALICE ni pipa la gesi lenye urefu wa mita 5 na kipenyo cha mita 5. Chembe yenye chaji ikipita ndani ya gesi inang'oa elektroni njiani, kama ndege ya Entebbe inavyoacha mstari mweupe angani. Umeme unazivuta elektroni hizo hadi kwenye vifuniko vya pipa, safari ya chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mahali zilipotua panakupa pande mbili za picha, na muda zilioutumia unakupa upande wa tatu. Pipa zima limo ndani ya sumaku, basi njia ya chembe hupinda: iliyopinda sana ina msukumo mdogo, iliyonyooka ina msukumo mkubwa. Jinsi inavyong'oa elektroni nyingi au chache husaidia kujua kama ni pioni, kaoni au protoni.

Sasa uchafu. Ndugu yangu mmoja alikuwa akitega senene, wale panzi wanaoliwa, upande wa Masaka kila msimu, Novemba. Mtego ni mabati mapya yaliyosimamishwa yakiwa yameinama kuelekea kwenye mapipa, taa kali kama za uwanjani, na moshi wa majani kuwalevya. Senene anafuata mwanga, anapiga bati, anateleza, anaingia pipani. Swali la mfanyabiashara ni dogo: nina magunia mangapi? Swali la mwanafizikia ni jingine: usiku huu wamepita senene wangapi? Pipa halikuambii. Wengine walipiga bati wakaruka tena. Wengine walipita juu ya taa. Ndani ya pipa mna mende wa usiku na nondo ambao si senene. Na wapo walioingia baada ya kuanguka kutoka kwenye mtego wa jirani.

Ungefanyaje? Ungechukua senene 100, ukawapaka rangi ya kucha miguuni, ukawaachilia mbele ya taa. Asubuhi ukikuta 70 wenye rangi, unajua mtego wako unakamata saba kwa kila kumi, na pipa lenye 7,000 linamaanisha walipita kama 10,000. Wanafizikia hupaka rangi kwa kompyuta: wanatengeneza chembe za kuiga, wanazipitisha kwenye mfano wa kigunduzi uliojengwa bolti kwa bolti, kisha wanaangalia ngapi zimeonekana. Nondo wanaopaswa kutolewa ni chembe ambazo hazikuzaliwa kwenye mgongano wenyewe, bali zilitoka kwa chembe nyingine iliyovunjika njiani au kwa kitu kilichogonga ukuta wa bomba.

Kuna vikundi vinavyowasha taa hata usiku usio na senene. NA61/SHINE, jaribio jingine la CERN, hurusha protoni kwenye kipande cha kaboni kilichosimama tuli, cha unene wa sentimita 2. Kipande ni chembamba kwa makusudi, protoni isigonge mara mbili. Katika kila protoni 100, zinazogonga ni kama 4 tu. Baada ya muda wanakiondoa kipande na kuendelea kurusha, protoni zikipita mahali patupu. Chochote kinachoonekana wakati huo ni nondo, na hutolewa kwenye hesabu. Napenda sana utaratibu huu. Ungekuwa sheria kwa kila mtu anayetangaza takwimu, tungepumzika.

Halafu lipo tatizo ambalo bado linawagombanisha wenyewe kwa wenyewe. Protoni ilipita katikati ya kiini, au iliparuza ukingo? Hakuna anayeona. Ni kama uko nje ya paaki, nyuma ya ukuta, unasikiliza kelele tu: kelele nyingi, bodaboda amepita katikati, kidogo, amepita pembeni. Lakini huenda alipita pembeni akamgusa mama mmoja mwenye sauti ya kuita abiria wa Mbarara, ukadanganyika. Katika mgongano wa risasi na risasi kelele ni nyingi kiasi kwamba mama mmoja hasikiki. Kwa protoni na risasi, wakiwa wameguswa saba tu, sauti ya mmoja inapindua hesabu. Ukipanga migongano kwa idadi ya chembe, halafu ukasema umepima jinsi chembe zinavyoongezeka kwa migongano ya katikati, umezunguka ukarudi ulipoanzia.

Njia mojawapo ya kutoka ni kusikiliza mahali pengine. Kiini kilichoguswa husambaratika, na nyutroni zake, kwa kuwa hazina chaji, sumaku haziwezi kuzipinda. Zinakwenda moja kwa moja mbele, na zaidi ya mita 110 kutoka mahali pa mgongano kuna kigunduzi kinachozisubiri. Wingi wa nyutroni hizo unasema kiini kiliumia kiasi gani, bila kuuliza pioni ngapi zilizaliwa.

Juu ya paa zetu

Muuza chapati alisikiliza yote haya akageuza chapati mbili, kisha akasema: sawa Mwalimu, lakini inatuhusu nini?

Jaribio hili halikuanzia CERN. Linafanyika juu ya Kampala sasa hivi, bure. Victor Hess alipanda puto mwaka 1912 akagundua kwamba mionzi inaongezeka kadiri unavyopanda, kumbe inatoka nje ya dunia. Sehemu kubwa yake ni protoni, na kitu cha kwanza zinachokutana nacho ni viini vya naitrojeni na oksijeni hewani. Protoni na kiini, kama handakini. Zinazaliwa pioni, pioni zenye chaji zinageuka muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, na muoni zinafika chini. Kwenye usawa wa bahari hupita takriban muoni moja kwa kila sentimita ya mraba kila dakika. Kiganja chako kimeshapitiwa na mamia tangu uanze kusoma. Nyutroni zinazotokana na migongano hiyo hugeuza naitrojeni kuwa kaboni 14, ile inayotumika kujua umri wa mifupa na mkaa wa kale.

Hapo pia pana jibu la wenye video ya mlango wa kuzimu. Mwaka 1991 kigunduzi cha Utah, Marekani, kiliona chembe moja kutoka angani yenye nishati ya elektronivolti trilioni milioni 300 hivi. Handaki la CERN halijafika hata karibu. Anga imekuwa ikigongwa hivyo kwa miaka mabilioni, na mlango haujafunguka.

Lakini chembe hizo za angani zina fumbo la kweli, ambalo halijapata video. Kituo cha Pierre Auger nchini Argentina kimetandaza vigunduzi katika eneo la kilomita za mraba 3,000, kama Kampala 15 zilizowekwa pamoja. Kinahesabu muoni zinazofika chini, na zinazofika ni nyingi kuliko ramani za kompyuta zinavyosema. Ramani zimerekebishwa kwa protoni na protoni, kwa risasi, kwa kaboni ya nishati ndogo. Hewa si risasi. Ndiyo maana Julai 2025 handaki la CERN liligongesha protoni na oksijeni kwa mara ya kwanza. LHCf, kigunduzi kidogo kilichokaa mita 140 kutoka mahali pa mgongano, kilikuwepo hasa kwa ajili ya chembe zinazokwenda mbele kabisa, zile zinazobeba sehemu kubwa ya nishati kwenda chini kwenye anga halisi.

Wateja wengine wa hesabu hizi ni Wajapani. Huko Tokai hurusha protoni kwenye fimbo ya grafiti ya sentimita 90. Pioni zinazotoka huzaa nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, na nyutrino hizo hupimwa kilomita 295 mbali, chini ya mlima. Ili kujua kama nyutrino zimebadilika njiani, lazima ujue zilikuwa ngapi zilipoondoka, yaani pioni ngapi zilitoka kwenye grafiti. NA61/SHINE ndiyo iliyowapimia, mwanzoni kwa kile kipande chembamba, baadaye kwa nakala ya fimbo yenyewe, na mashaka yao yakashuka kutoka takriban asilimia 10 hadi karibu 5.

Siku mbili baadaye kikundi kilikuwa kimetulia, mpaka kijana wa bodaboda alipotuma habari ya Mei 2025: CERN wamegeuza risasi kuwa dhahabu. Hii ni kweli, akaniandikia, au ni kama zile dhahabu za matapeli wa Kampala? Ni kweli. Tena haikuhitaji hata kugongana. Viini viwili vya risasi vikipishana kwa karibu sana, kimoja kinaweza kupoteza protoni tatu, zikabaki 79, na chenye protoni 79 ni dhahabu. ALICE walihesabu viini bilioni 86 vya dhahabu kati ya 2015 na 2018.

"Bilioni 86!" akajibu. "Uzito gani?"

Nikamwandikia: pikogramu 29. Akauliza pikogramu ni nini. Gawa gramu moja kwa trilioni, nikamwambia, chukua vipande 29, halafu kumbuka kwamba kila kimoja kiligonga ukuta wa bomba kikavunjika kabla hujapepesa jicho. Alikaa kimya kidogo, kisha akatuma sauti ya sekunde tatu: abiria amepata, anakwenda Ntinda.